Anwani ya Marehemu

4 Machi

Shemeji yangu,

Nimefika salama. Sikupata hata nafasi ya kupumzika. Kutoka uwanja wa ndege nilikwenda moja kwa moja kazini, begi mkononi, maana kuna jengo lina lifti mbili na zote zilikuwa zimegoma. Wenzangu walinishusha kwa kamba kwenye shimo la lifti, taa kichwani, na huko chini ndiko nilikolia vizuri. Msibani kila nikitaka kulia, mtu alikuwa ananipa kiti nikipeleke mahali.

Najua ndugu wa mume ndiye wa kusimama na mjane, nami nimesimama siku chache kama mgeni. Nisamehe. Likizo za huku ni za kuombwa kwa magoti.

Nina ombi moja. Ile seva ya kaka iliyo chumba cha nyuma, usiizime. Watu wameweka tovuti zao mle, na walimwamini yeye. Ni amana. Mambo ya ndani yake nitayafanya mimi nikiwa huku. Kaka alinipa maneno ya siri yote zamani ili nimsaidie ikikwama. Wewe angalia umeme tu, ifute vumbi, na ukiona taa ya ruta imekuwa nyekundu, chomoa waya, subiri kidogo, chomeka tena. Ikipiga mluzi usiogope, ni betri ya akiba inalalamika.

Kuhusu mama: nimemweleza. Amepokea kimya. Unajua hali ya moyo wake tangu upasuaji, na masikio ndiyo yale, simu haimsaidii. Usimwandikie kwanza. Mwache, atakuandikia mwenyewe akipata nguvu.

Shemeji yako,
Kitinda


19 Machi

Kitinda, shemeji,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, mashine ya kukaushia ikizunguka nyuma yangu. Na mimi nimerudi kazini. Dobi la hospitali halijui msiba. Mashuka yanakuja yale yale, ya waliojifungua na ya waliofariki, yote yanaingia ngoma moja na yanatoka yananukia sabuni. Wenzangu wananipunguzia kazi ya kunyanyua. Natamani wasingenipunguzia.

Dude lenu linanguruma. Nalipita kila nikienda jikoni. Kaka yako aliliunganisha kwa kompyuta mbili kuukuu zilizotupwa na ofisi moja, akaling'oa ubavu ili lipumue, akaliweka kwenye rafu ya viatu. Viatu vyangu vikahamia chini ya kitanda na havijarudi mpaka leo. Nilimwambia, "Umeoa mke wa pili." Akasema, "Huyu hali."

Watu wake wanakuja. Mwalimu wa shule ya viziwi alikuja, akasimama mlangoni akafanya ishara kwa mikono, kisha akakumbuka mimi nasikia. Wafuga nyuki walipiga simu kumuulizia Waya, maana wao walimjua kwa jina hilo tu. Nikasema hayupo. Wakasema watapiga kesho. Fundi majeneza ndiye peke yake ambaye hakuwahi kulalamika tovuti yake ikizimika. Alikuwa anasema wateja wake hawana haraka. La kaka yako alilipiga randa kwa mkono wake, na siku hiyo hakutania.

Sasa kuna jambo linanikwaruza. Mama hajaniandikia. Hata "pole" tu. Nimengoja kama ulivyosema. Mimi ndiye niliyeolewa na mwanawe, mimi ndiye niliyemfumba macho. Alianguka getini nikiwa zamu ya asubuhi, jirani akanifuata dobini. Kama mama anaona ningekuwapo angepona, aseme. Lawama naiweza. Kimya kinanishinda.

Wako,
Shemeji


2 Aprili

Mkubwa wangu,

Hujambo, baba? Nakuandikia kwenye ile anwani yako, kwa herufi kubwa ulizoniwekea kwenye hiki kidude, na bado nazifukuza kwa kidole kama sisimizi.

Mimi nazidi kupona. Kifua kimeshonwa kama gunia lakini kimeshika. Daktari amenikataza chumvi, ngazi na hasira. Chumvi na ngazi nimeacha. Mama Mdogo ananilinda kama mfungwa. Hata nikikohoa anakuja kunitazama mdomo, kana kwamba atasikia kwa niaba yangu.

Jana alikuja mwanamke mmoja na mtoto mgongoni, akasema, "Mkunga, huyu ulimtoa wewe, na mimi ulinitoa wewe." Nikamwambia basi na wa tatu muwahi, mikono imeanza kutetemeka. Tulicheka mpaka mshono ukauma.

Kitinda ameniandikia mistari miwili, nami nikamjibu miwili. Yule hana maneno tangu tumboni. Wewe ndiye wa kuzungumza naye. Kwa hiyo niambie: unakula? Mashine zako zinakuacha unalala? Na mkeo amekuwaje? Tangu nitoke hospitali hajanitumia hata salamu. Au nimemkosea?

Nitumie picha yako. Halafu njoo. Sikuombi mengi. Nataka nikushike kichwa tu, nihakikishe kiko pale nilipokiacha.

Mama yako


3 Aprili

Mama,

Nimefurahi sana kusikia unacheka. Mimi sijambo. Kazi zimenibana, tovuti ya wafuga nyuki imeharibika na wanapiga simu kila saa. Kamera ya simu imevunjika, ikitengenezwa nitatuma picha. Kuja sasa hivi siwezi, labda baadaye kidogo. Mke wangu anakusalimu sana, zamu za dobini zinamchosha.

Nakukumbuka, mama. Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kuzalisha, unakaa kwenye ngazi ya uani, mimi nakumiminia maji unawe mikono kwenye beseni. Ulikuwa husemi kitu mpaka maji yawe meupe. Kisha unauliza nimekula nini.

Tafadhali niandikie ndefu kama hii tena.

Mwanao,
Mkubwa


11 Aprili

Kitinda,

Ile barua uliyomwandikia dada yangu kwa jina la marehemu imefika. Ameisoma, ameikunja moyoni, kisha akanisomea na mimi kwa sauti, kana kwamba mimi ndiye kiziwi. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba nisimsikie.

Tulikubaliana, mimi na wewe, siku ile kaka yako alipofariki na dada yuko kitandani na mipira puani. Daktari alisema mshtuko ungemuua. Sawa. Nilikubali uchukue anwani ya kaka yako umjibu mpaka apate nguvu. Lakini juzi daktari huyo huyo amemwambia moyo umetulia, anaweza hata kusafiri. Dada akaanza kupanga nguo za kwenda kwa Mkubwa. Nimemdanganya kuwa njia imeharibika.

Mwanangu, uongo ni kama mimba, na huyu unayemficha ni mkunga. Mwambie. Mimi sina kinywa hicho. Na mke wa marehemu je, anajua? Umenikataza nisimwandikie, nami nimeshika neno lako, lakini naona aibu.

Mama Mdogo


6 Mei

Shemeji,

Hujanijibu kuhusu mama, nami sitauliza tena.

Wiki iliyopita feni ya seva iliganda. Nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba inanuka waya zilizoungua. Nilifungua madirisha yote, nikaileta feni yetu ya mezani nikaielekeza pale, nikaketi mbele yake naipepea kwa sahani kama mgonjwa wa homa. Fundi wa simu wa hapa mtaani akaja kubadilisha feni. Akaniuliza, "Mama, hii yote ni ya nini?" Nikamlipa.

Nitakuambia ukweli. Siku za mwanzo nilikuwa nakwenda kukaa karibu nayo nikikunja nguo, kwa sababu nyuma yake kunatoka joto. Ni kama kukaa karibu na mtu aliyekuwa anasoma gazeti. Siku ile ya feni nikajiona nimekaa sakafuni na sahani mkononi, nikajiambia hapana. Hili ni joto la chuma.

Nataka kuizima, na nyumba hii nataka kuihama. Wenye tovuti nimeshazungumza nao mmoja mmoja. Mwalimu wa viziwi amepata pengine pa kuweka ya kwake. Wafuga nyuki vilevile. Kuna mzee anayepima mvua kwa kopo na kuandika kila siku kwenye tovuti yake, huyo alisikitika kidogo, kisha akasema mvua itanyesha tu hata asipoandika. Amana nimeirudisha kwa wenyewe. Kuna kitu kingine mle nisichokijua?

Shemeji yako


7 Mei

Shemeji,

Usiizime. Tafadhali. Nakuomba kwa heshima ya kaka. Nitakutumia cha umeme, nitakutafutia mtu wa kuja kuisafisha, nyumba ukihama nenda nayo, hata ukiiweka chini ya kitanda. Lakini isizimwe.

Hakuna kitu mle. Ni kumbukumbu tu. Ukiizima ni kama amekufa kabisa.

Kitinda


20 Mei

Mkubwa,

Nilikuomba picha, ukanipa habari za kamera. Nilikuomba uje, ukasema baadaye kidogo. Nikasema nitakuja mimi, Mama Mdogo akaniambia njia imeharibika. Kumbe mjukuu wa jirani amepita njia hiyo hiyo juzi na kurudi. Nikamtuma akupigie simu. Akarudi anasema haishiki, na alipokuwa akinionyesha hivyo kwa mikono hakunitazama usoni. Mmeshirikiana wote kunifanya mtoto.

Nimezisoma upya barua zako. Umekuwa mtu mwingine. Unasema ulikuwa ukinimiminia maji ya kunawa. Wewe? Wewe damu ulikuwa unaikimbia mpaka unajificha uvunguni. Aliyekuwa akinimiminia ni Kitinda. Hata kumbukumbu umeazima kwa mdogo wako, kwa sababu za kwako mwenyewe juu yangu umeshazitupa.

Mimi nimelala kitandani nimepasuliwa kifua, na mwanangu wa kwanza hakuja. Nilikutetea. Watu walipouliza, nilisema ana kazi. Nimezalisha nusu ya mji huu, na hakuna mimba iliyonitesa kama yako. Siku mbili nzima ulinikatalia kutoka. Naona bado unakataa.

Basi, imetosha. Mimi si radhi nawe. Umesoma vizuri, ziko herufi kubwa. Si radhi nawe. Na siku nikifa usije kunizika. Kitinda mwenye mistari yake miwili atanitosha.

Aliyekuzaa


1 Juni

Shemeji,

Nimekuandikia mara tatu kwa siku kumi hizi, hujajibu hata neno. Nimempigia bwana mmoja wa kampuni yenu ya lifti, akasema upo, unakuja kazini, ila huzungumzi na mtu. Sasa na wewe umejiunga na kimya cha mama yenu. Haya.

Leo nimeizima. Nilibonyeza kitufe nikangoja. Haikuzima hapo hapo. Ilichukua muda, taa zikiwakawaka, kama mtu anayemalizia kusema jambo. Kisha feni ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Sikujua nyumba hii ina kimya cha namna hiyo. Nimesikia saa ya ukutani kwa mara ya kwanza tangu tuhamie.

Mashine sijaitupa. Nimeifunika shuka. Kama umekasirika, kasirika.

Shemeji


9 Juni

Mkwe wangu, mwanangu,

Anwani hii ya kazini kwako nimeipata kwa kupekua karatasi za zamani. Najua hatujaandikiana muda mrefu, na sijui ni nani aliyeanza kunyamaza. Nakuandikia kwa sababu sina mlango mwingine.

Nimemtamkia mumeo maneno mabaya. Nilimwandikia kuwa si radhi naye. Nilipomaliza niliona nimeshinda. Kesho yake uji haukupita. Siku zikaenda, naye hakunijibu, nami nikavimba, nikasema aanze yeye. Mwisho kiburi kimenishinda uzito. Nimemwandikia barua ya kuyafuta. Nilimwambia, baba, mdomo wa mzee unateleza, niko radhi nawe, ulivyo na popote ulipo.

Barua hiyo imerudi. Imekuja na maandishi ya kigeni, nikampa Mama Mdogo, akasema maana yake anwani haipatikani. Nikaandika tena, ikarudi tena. Mumeo amenifungia mlango. Simlaumu, nilianza mimi.

Nakuomba, akirudi nyumbani leo, mkalishe umwambie. Usimpe karatasi. Mwambie kwa mdomo, akutazame: mama ameyafuta. Mwambie aniwie radhi yeye. Tafadhali, mwanangu, asilale na maneno yale hata siku moja zaidi.

Na wewe, kama kuna nilichokukosea, niambie nikijue.

Mama mkwe wako


9 Juni

Kitinda,

Mama ameniandikia. Ameniomba nimpe mume wangu ujumbe akirudi nyumbani leo.

Niliisoma dobini. Walinikalisha juu ya marobota ya mashuka.

Ulisema umemweleza. Miezi yote hii nimemchukia mwanamke yule kwa kutonipa pole, kumbe hajui kuna msiba. Nani anamwandikia kutoka kwenye anwani ya mume wangu? Usinijibu kwa maneno ya amana.

Mke wa kaka yako


10 Juni

Shemeji,

Ni mimi.

Mwanzo ilikuwa kwa ajili ya moyo wake. Hilo ni kweli, Mama Mdogo ni shahidi. Alikuwa kitandani na mipira puani, barua yake kwa kaka ikaingia siku ya mazishi, anauliza mbona kimya. Nilijibu nikiwa nyuma ya nyumba yako, watu wanafukia. Nilisema nitamwambia akipata nafuu.

Akapata nafuu. Sikumwambia.

Sijui nikuelezeje, wewe uliyempenda. Mimi mama hajawahi kuniandikia zaidi ya mistari miwili. "Nimepata, asante. Jifunike." Miaka yote. Nilidhani ndivyo alivyo, mtu wa maneno machache. Kisha nikafungua sanduku la barua la kaka nikakuta kurasa: anachokula, anayemchekesha, anavyoota. Alikuwa anamtania. Sikujua mama yangu anatania. Nikijibu kama kaka, inakuja nyingine ndefu zaidi. Nilikuwa naisoma kwenye ngazi za dharura wakati wa mapumziko, nikirudi shimoni nakumbuka maneno. Nilijua naiba. Kila siku nilisema hii ndiyo ya mwisho.

Ile ya radhi niliisoma nikiwa hapo hapo kwenye ngazi. Tangu siku hiyo sikuweza kuandika kwa jina lolote, la kaka wala langu. Ndiyo maana hukupata jibu. Na anwani ya kaka ilikaa ndani ya ile seva, ndiyo maana nilikuomba usiizime.

Nimeomba ruhusa ya kuja, wamekataa hadi mwisho wa mwaka. Nitamwandikia leo nimwambie yote.

Kitinda


10 Juni

Usimwandikie. Barua zimetosha. Habari hii haitafika kwake kwa herufi kubwa wala ndogo. Nakwenda mimi.

Mke wa kaka yako


18 Juni

Kitinda,

Nakuandikia nikiwa kwa mama. Nimemwambia. Au tuseme, amejua.

Nilifika mchana. Mama Mdogo alinifungulia, akaniona, akakaa chini pale pale kizingitini. Mama alikuwa chumbani anapanga nguo za watoto wachanga. Wanawake wa huku bado wanamletea azitazame. Aliponiona alifurahi sana, Kitinda. Alinyoosha mikono. Kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni.

"Mumeo yuko wapi? Amekataa kuja?"

Nikafungua mdomo, nikakumbuka hasikii. Nikatafuta kalamu kwenye mkoba. Akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Usiandike. Hebu nitazame."

Nikamtazama. Sijui uso wangu ulikuwaje.

Akasema, "Nimetoka chumbani mara nyingi kuwaambia watu mtoto hakupona. Uso wenyewe ndio huo. Nimeuvaa mimi miaka arobaini."

Aliketi kitandani. Sikulia, kwa sababu yeye hakulia. Akauliza lini. Nikaandika kiganjani mwangu: Februari. Akasoma, akasoma tena. Kisha akageuka akatazama kile kidude chake cha barua kilichokuwa mezani, na hapo ndipo nilipoona kitu kinamvunjika. Habari ya kifo alikuwa ameibeba. Hii ya pili ilimshinda.

"Na hizi zote?" akasema. "Nilikuwa nazungumza na nani?"

Nikaandika jina lako.

Kisha akaniuliza nani alimfumba macho. Nikajigusa kifua. Akanivuta, akanipakata kichwa kama mtoto, akawa ananiambia pole, pole, pole. Ile niliyoingoja tangu Machi. Sikujua kuwa ikija ingeniuma hivi.

Baadaye alilala, akapumua vibaya, tukamwita daktari. Daktari alikaa naye. Moyo haukupasuka. Mama Mdogo akasema kwa uchungu, "Tulimwogopea bure. Waoga tulikuwa sisi."

Kitu kimoja kinamtesa kuliko vyote. Anaamka analia kuwa alimnyima mwanawe radhi akiwa kaburini. Nimemwandikia mara nyingi kwamba Mkubwa hakuisoma barua ile, hakuisikia, alikwishaondoka. Anaitikia kwa kichwa, kisha anaanza upya.

Nimemwambia pia habari ya mistari miwili. Hukunituma. Sikufanya hivyo kukutetea, maana bado siwezi kukutetea. Nakasirika nikiosha vyombo, nakasirika nikitembea. Nimemwambia kwa sababu nimechoka kuwa katika familia ambayo kila mtu ana kitu anachomficha mwenzake kwa upendo.

Nitakaa naye kwa sasa. Nimeomba uhamisho, hospitali ya huku nayo ina dobi. Mwandikie ukitaka. Sijui kama atakujibu.

Shemeji


27 Julai

Kitinda,

Barua zako zote zimefika. Sikuzijibu kwa sababu kila nilipoanza, kidole kiliandika "Mkubwa" chenyewe, na mimi nikafuta, nikazima, nikaenda kulala.

Tumekwenda kaburini, mimi na mkwe wangu na Mama Mdogo. Waliniwekea kiti, nikakataa, nikakaa chini kwenye udongo. Nilikuwa nimekwenda kumwambia nimeyafuta yale maneno. Nilipofika pale nikaona sina cha kufuta. Kaka yako hakuwahi kuyasikia. Aliondoka duniani mimi nacheka naye na kumwombea, anajua mama yake yuko radhi naye, na hakuna aliyemwambia vingine. Usiku ule nililala.

Lakini nilipoamka nikajiuliza: kama hayakumfika yeye, yalimfika nani? Neno la mzazi halipotei hewani. Niliandika, na mtu akasoma. Nimemwona mtu huyo, amekaa kwenye ngazi za watu, nchi ya watu, na spana mfukoni, anaambiwa na mama yake kuwa si radhi naye, wala hawezi kumwonyesha mtu yeyote. Na barua ya kuyafuta ilipokuja ilikuta mlango umefungwa, ikarudi kwangu. Wewe ulibaki na ile ya kwanza tu.

Mkwe wangu ameniambia ulilosema juu ya mistari miwili. Sikuamini. Nikazifungua barua nilizokuandikia, moja baada ya nyingine. Ni kweli. Sitajitetea. Mkubwa alikuwa mtoto wa kudai. Alilia mpaka apewe. Wewe ulikuwa unakaa kimya na jagi la maji, unangoja. Nikadhani asiyeomba hana njaa. Mkunga mzima.

Sasa sikiliza. Sijakusamehe. Uliniacha niandike vichekesho kwa maiti. Ulininyima kumwona mwanangu uso kwa mara ya mwisho, na hiyo huwezi kunirudishia kwa barua wala kwa nauli. Huenda nikafa sijakusamehe, na ukija mwisho wa mwaka huenda nisitoke chumbani kukupokea. Ujue hivyo kabla hujakata tiketi.

Ila radhi ni kitu kingine, hakingoji msamaha. Kitinda, niko radhi nawe. Nimeandika jina lako, lisome. Siandiki kwa sababu umestahili. Nilizaa wawili, nimebaki na mmoja.

Mama yako